Kamba Niliyokataa Kuifunga

Mume wangu na mdogo wangu waligombana kwa ajili ya mashua za watu wasiowajua, na mimi nikakasirika kuliko wote wawili. Mtu akiniuliza habari za vita vyetu vya mwisho, naanzia hapo. Wengine wanaanza na mabomu. Mimi naanza na televisheni.

Kwanza muelewe jambo moja. Kwetu Uvira, kando ya ziwa, katamarani si mashua ya matajiri. Ni mitumbwi miwili mirefu iliyounganishwa kwa miti mitatu minene, wavu unashuka katikati, taa zinawaka juu ya maji, na ndagala, dagaa wa kwetu, wanakuja wenyewe kama walevi wanaosikia ngoma. Mtumbwi mmoja ulikuwa wa mume wangu, wenye mota. Wa pili ulikuwa wa mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi na mama yetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kule Mulongwe. Mtumbwi wa katamarani ni mwembamba kwa sababu umechongwa kwa ajili ya kuwa na mwenzake. Ukiwa peke yake, ukikohoa tu unayumba.

Wanaume wawili wakitaka kuunganisha mitumbwi, fundo la kwanza halifungwi na wao. Linafungwa na mwanamke anayesimama kati ya nyumba zao. Kwao nilikuwa mimi: mke wa huyu, dada wa yule. Nililowesha kamba ziwani, nikafunga mti wa mbele, halafu nikawapa bugali na ndagala wale sahani moja. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, kuinama kulinishinda, wavuvi wakanicheka sana siku ile. Na wakiachana, miti inapelekwa kwa mwanamke yule yule, inakaa kwake mpaka waje pamoja kumwomba afunge tena. Mwingine haigusi. Tena kuna hili: mwanaume akitamka mbele ya watu, “Fungua miti,” basi imeshafunguka. Kesho yake asubuhi lazima muifungue kweli, kwa sababu wavuvi wanaamini ziwa limesikia, na mkitoka hivyo hivyo litamchukua mmoja wenu.

Sasa televisheni. Jirani yetu alikuwa na sine, nyumba ya mbao yenye mabenchi, watu wakienda kutazama mupira. Jumapili moja hapakuwa na mechi, akawa anatafutatafuta kwenye dishi lake, mara ikatokea bahari ya buluu na mashua kumi hivi zinakimbia kama zimeiba. Mtangazaji akasema kwa Kifaransa, “les catamarans.” Weee! Wavuvi wote walisimama, kama watu waliosikia majina yao yakisomwa kanisani.

“Katamarani gani hiyo? Wavu iko wapi?”

“Na ndagala wanaweka wapi?”

“Habavue hawa. Banakimbia tu.”

“Banakimbia nini?”

“Hakuna. Banakimbia bure.”

Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Sisi tuliozoea kukimbia kwa sababu, tuliona ajabu.

Kidogo kidogo wakaelewa. Ni mashindano ya dunia nzima. Mwezi huu wako kwenye bahari ya nchi moja, mwezi ujao nchi nyingine, na kila timu na bendera yake, na wale watu hawana kazi nyingine, hiyo ndiyo inawalisha. Mitumbwi miwili ya kila mashua inanyanyuka juu ya maji kabisa, imebaki imesimama kwenye visu virefu vilivyozama, na wanaume wenye kofia ngumu wanakimbia kutoka mtumbwi huu hadi ule ili usipinduke. Wakimaliza wanaifungua yote, kipande kwa kipande, wanaitia kwenye makasha, wanakwenda kuifunga upya kwingine. Hilo lilimshangaza mume wangu kuliko zile mbio. “Banafungua kila mara,” alikuwa akiniambia tukiwa tunakula, “na hakuna mwenye anakufa!”

Nilikwenda mara mbili na mimi. Mara ya kwanza kuwafuata ili niwagombeze, maana nyavu zilikuwa zinangoja kushonwa. Nikakaa mpaka mwisho. Nilipenda, nasema wazi. Kwa muda wa saa moja hakuna aliyetaja bunduki wala nani ameingia kijiji gani. Watu wazima wanapigia mashua makofi, basi.

Mume wangu alichagua mashua nyekundu iliyokuwa na msalaba mweupe, kwa sababu yeye ni mwimbaji wa korasi parokiani na aliona msalaba haushindwi. Mdogo wangu akachagua ya buluu, kwa sababu nahodha wake alikuwa akicheka hata akishindwa. Mdogo wangu naye alikuwa hivyo. Utamkanyaga mguu, atakuomba yeye msamaha. Nchi za mashua hizo hawakuzijua vizuri, mume wangu alikuwa na hakika ile nyekundu ni ya Papa.

Siku ya ugomvi sikuwepo. Nilisimuliwa, na waliosimulia waliongeza chumvi, lakini maneno makubwa yote mawili walinithibitishia wenyewe. Mashua nyekundu na ya buluu zilikuwa zinageuka pamoja kwenye boya, zikagongana, nyekundu ikavunjika. Mume wangu akasema ya buluu imekata njia. Mdogo wangu akasema ya msalaba ilikuwa imelala.

“Kulala ni ninyi,” mume wangu akamjibu. “Hata ziwani, minye navuta, weye unasinzia. Familia yenu yote ni ya kusinzia.”

Hapo angenyamaza, yangeisha. Lakini sine ilikuwa imejaa, watu wanacheka, na mdogo wangu, yule mpole, sijui siku ile alipandwa na nini.

“Na ng'ombe zako za mahari, zenye ulitoa kule Rurambo milimani? Zilikuwa mifupa! Tulikupatia dada kwa huruma tu.”

“Basi fungua miti!” mume wangu akasema.

Mwenye sine akazima televisheni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi waliifungua miti, bila kutazamana, wakaibeba wote wawili mpaka kwangu, wakaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Mume wangu alikuwa tayari ana aibu. Niliona kwenye shingo yake. Mdogo wangu alitaka kuniamkia, nikaingia ndani.

Mimi ninauza ndagala sokoni. Soko la Mulongwe halina siri na halina huruma. Siku hiyo hiyo wenzangu walinipokea: “Karibu, mama Mifupa! Mama wa Huruma, ndagala ni bei gani, ao unatoa kwa huruma?” Nilicheka nao, sababu ukikasirika sokoni umekwisha. Nilikasirikia nyumbani. Wanaume wawili ninaowapikia, wamenitupa katikati ya sine kama kitambaa cha kufutia miguu, kwa ajili ya mashua za wazungu! Niliapa watanitambua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walikuja pamoja kama desturi inavyotaka. Walikuwa wameshapatana. Walikaa kwenye kiti kimoja kirefu, wamepangusa viatu, kamba mpya iko magotini mwa mdogo wangu. Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua kichwa.

“Dada,” mdogo wangu akasema, “tumekuja. Utufungie.”

“Nendeni mukaombe televisheni iwafungie.”

Mume wangu akacheka kidogo, akidhani ni utani wa kuanzia. Mimi nikaendelea na mchele. Walikaa pale mpaka jua likafika mlangoni, halafu wakaondoka na kamba yao.

Nitasema kitu cha aibu: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu watu wawili walikuwa wananihitaji, na nilikuwa na cha kuwanyima. Wiki zikapita. Mume wangu alikuwa akivua samaki wachache kwa ndoano, peke yake, karibu na pwani. Mdogo wangu alikuwa akishona nyavu za watu. Kwangu chungu kilipungua, na bado sikulegea. Ile miti mitatu niliifanya kamba ya nguo, nikaanikia mashuka ya watoto.

Walirudi mara ya pili, wote wawili. Safari hii nilitaja sharti: waniombe msamaha ndani ya sine, watu wakiwa wamejaa, palepale waliponitukania. Mume wangu alikataa, akasema mwanaume hapigishwi magoti mbele ya benchi. Siku tatu baadaye akaniambia sawa, atafanya. Nikamwambia sasa nimekasirika kwa sababu alikataa.

Mara ya tatu mdogo wangu alikuja peke yake, Jumatatu. Hakukaa.

“Dada, kuya utufungie. Batu banasema vita iko inashuka bondeni. Ikifika, mutumbwi moja haiwezi kitu. Mama atakimbia na nini?”

Vita. Nilikimbia vita nikiwa mgongoni mwa mama, nikakimbia nikiwa msichana, nikakimbia nikiwa na mtoto mgongoni mwangu mimi. Kila mwaka kuna mtu anayesema vita inashuka bondeni. Mara nyingine inashuka, mara nyingine inakaa huko huko.

“Jumamosi,” nilimwambia. “Nitafunga Jumamosi, sine ikijaa.”

“Jumamosi ni mbali.”

“Basi mngenitukana mapema.”

Alicheka. Kweli alicheka, kama yule nahodha wake. Akasema haya, Jumamosi, akaenda. Nilimtazama mpaka akapinda kwenye ukuta wa jirani, nikaona suruali yake imechanika nyuma, nikajiambia nitamshonea.

Vita haikungoja Jumamosi. Jumatano asubuhi watu wa Runingu, kule bondeni, walipita barabarani, wana magodoro vichwani, mbuzi, mabeseni, mzee mmoja amebebwa kwenye baiskeli. Tuliwapa maji. Saa sita mchana walioanza kupita walikuwa watu wa Uvira wenyewe. Milio ikasikika juu milimani, halafu karibu, halafu mtu hakuweza tena kusema inatoka wapi. Mume wangu akaingia mbio akabeba mota begani. Mimi nilichukua watoto wanne, sufuria, na karatasi za kuzaliwa. Niliipita ile miti mitatu mlangoni mwa jiko. Ilikuwa na shuka la mtoto bado bichi. Nililivuta shuka, nikaenda.

Pwani ilikuwa vurugu tupu. Kila chenye kuelea kilikuwa na watu. Mdogo wangu alikuwa ameshaleta mtumbwi wake majini, mama yetu amekaa katikati, ameshika rozari kwa mkono mmoja na kuku kwa mwingine. Nilimwita mama aje kwetu.

“Nikae wapi? Kwako kumejaa watoto. Nitakaa na huyu, ataogopa peke yake.”

Majirani wakaanza kuingia kwa mdogo wangu, mwanamke na watoto wawili, kisha bibi mmoja, kisha wengine. Mvuvi mwingine angewapiga kasia. Yeye alikuwa akisema tu, “Polepole, polepole, mukae chini,” na kuwashika mikono waingie.

Hakuwa na mota, kwa hiyo tulimfunga kwa kamba nyuma yetu tukamvuta, kuelekea ng'ambo, Burundi. Karibu na pwani ilikwenda vizuri. Watoto wangu hata walianza kuwapungia wa kule nyuma mikono. Tulipofika katikati upepo wa kusini ukaamka, kama kawaida yake saa za alasiri. Mtumbwi wa nyuma ukaanza kwenda kulia, kushoto, kulia, na kila ukirudi unateka maji. Nilimwona mdogo wangu anayachota kwa kofia. Akapiga kelele tusimame.

Mume wangu akapunguza mota, akarudi nyuma, akauleta mtumbwi wetu ubavuni mwa wake. Pamoja, ubavu kwa ubavu, ungetulia. Ndivyo ilivyochongwa. Alikuwa na kamba ya kutosha. Akageuka kunitazama.

“Miti iko wapi?”

Alijua iko wapi.

Alijaribu kuifunga mitumbwi hivyo hivyo, mbao kwa mbao, bila miti. Wimbi likaja, ikagongana, akaifungua haraka kabla haijavunjika. “Tushike kwa mikono!” akasema, akarudi kwenye mota. Basi tukashika. Mimi nilipiga magoti, nikakamata ukingo wa mtumbwi wa mdogo wangu, naye akakamata wetu, uso wake uko hapa, ningeweza kumbusu. Binti yangu mkubwa akashika mbele. Tulikwenda hivyo, sijui muda gani. Mawimbi yalikuwa yanaitenga mitumbwi na kuirudisha, na kila ikirudi inabana vidole. Nilikuwa nalia na kumtukana, “Shika, mjinga weye, shika!” Naye ananijibu, “Niko nashika, dada. Niko nashika.”

Lilikuja wimbi moja si kubwa sana. Nimeona makubwa kuliko lile. Mitumbwi ikaachana, ikarudi, vidole vyangu viwili vikavunjika kati ya mbao, na mkono wangu ukaachia. Watu huniambia si wewe uliyeachia, ni maumivu. Wananipenda, wanasema hivyo. Mkono ni wangu, na uliachia.

Mtumbwi wake ulilala ubavu, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani. Wote wakawa majini. Mume wangu akazima mota, akaruka. Mdogo wangu alijua kuogelea kuliko sisi wote. Alimleta mtoto mmoja wa jirani, akaniinulia. Akaenda akamleta wa pili. Akamleta mama, amemshika chini ya kwapa, mama anakohoa, rozari iko shingoni, na mimi nikamvuta kwa mkono mmoja mzima na meno. Mdogo wangu alishika ukingo wetu akapumua. Nilimwambia apande. Akatazama nyuma, yule bibi alikuwa bado anaonekana, kitambaa chake cha kichwa tu. Akaenda.

Hatukumwona tena, yeye wala bibi. Mashua mbili nyingine zilikuja kutusaidia, zikawaokota wengine waliokuwa majini, tukazunguka na kuzunguka tukimwita, mpaka mafuta ya mota yakabaki ya kufika tu.

Ng'ambo walitukalisha kwenye mchanga, wakatupa mablanketi. Mama hakulia. Alikuwa akitetemeka na kutazama mtumbwi wetu uliokuwa umevutwa pwani, upande mmoja, mwembamba. Halafu akaanza kuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetafuta sindano.

“Kwa nini mitumbwi haikuwa imefungwa? Mwanangu aliniambia yeye yuko tayari. Kila siku nilimuuliza, akaniambia, mama, mimi niko tayari. Sasa nani alikataa?”

Kumbe mdogo wangu hakuwahi kumwambia kuwa ni mimi. Wiki zote zile, wakiishi nyumba moja, hakunisemea kwa mama.

Nilifungua mdomo. Nataka muamini kwamba niliufungua. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pembeni, maji yanamtoka kwenye nywele, akanitazama mara moja, akamtazama mama.

“Ni minye, mama,” alisema. “Minye njo nilikataa kuja kuomba.”

Mama akamtemea mate usoni. Hakuyafuta. Na mimi nikafunga mdomo.

Nilijiambia nitasema kesho, mama akishapumzika. Kesho yake tukapandishwa malori, tukapelekwa kambini, mbali na ziwa. Nikajiambia nitasema tukimaliza matanga. Mama alikataa kula chochote kilichoguswa na mume wangu. Akichota maji yeye, mama anamwaga. Aliwafundisha watoto wangu kwamba baba yao ni mtu wa kiburi, kiburi chake kimemuua mjomba wao, na watoto wakaanza kumjibu vibaya. Mume wangu alivumilia yote. Aliacha kuimba. Nikiwa naye peke yetu nilimwambia nitasema, leo nitasema. Alinijibu mara moja tu: “Amepoteza mutoto moja. Unataka apoteze wawili?” Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Mama aliugua kuhara mwaka ule ule, siku tano. Siku ya nne aliniita, akanishika huu mkono wenye vidole vilivyopinda, akausugua, akasema, “Weye ulimushika mpaka ukavunjika. Mungu aliona.” Nilikuwa na nafasi. Hema lilikuwa halina mtu mwingine. Nikamwambia, “Lala, mama.”

Aliacha neno kwamba mkwe wake asibebe jeneza wala asikanyage karibu na kaburi, na watu wa kambi walilisimamia neno lake, maana neno la maiti haliwekwi pembeni. Tulimzika asubuhi. Mume wangu alisimama ng'ambo ya uzio, kofia mkononi. Mimi nilikuwa mbele, na watu walikuwa wanakuja mmoja mmoja kunipa pole.